Kuendesha Kituo cha Jiofizikia Kwenye Barafu ya Mbali: Mwongozo kwa Fundi Anayeanzia Dar es Salaam

Mwongozo huu ni kwa vijana wa fizikia, jiolojia na umeme wanaomaliza chuo hapa Dar, ambao wamesikia kwamba kuna watu hukaa mwaka mzima Antaktika au Svalbard, visiwa vya Norway karibu na Ncha ya Kaskazini, wakilinda vyombo vya kupima dunia, wakabaki wanajiuliza kazi yenyewe hufanywaje. Nusu ya kazi hiyo unaweza kuifanyia mazoezi bila kuvuka Mto Ruvu. Nusu iliyobaki ni baridi, na baridi nayo, kama utakavyoona, ipo Feri kwa wauza samaki.

Kituo cha jiofizikia husimama mahali pamoja miaka nenda miaka rudi, kikiandika bila kukatika: uga wa sumaku ya dunia, mitetemo ya ardhi, pengine na umeme wa angani. Vingi vya kwenye barafu vilizaliwa wakati wa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia wa 1957 na 1958. Hornsund, kituo cha Wapoland kule Svalbard, kilijengwa 1957 na tangu 1978 kina watu mwaka mzima. Mawson cha Australia kipo tangu 1954. Thamani ya vituo hivi ni urefu wa rekodi na uaminifu wake, wala si upya wa mashine. Kwa hiyo anayekiendesha ana swali moja la kujiuliza kila mstari wa kwenye skrini unaporuka: hii ni dunia, au ni sisi?

Hatua zote zinazofuata zimewekwa ili uweze kulijibu swali hilo.

1. Anza na saa

Kabla hujagusa chombo, kubali kuishi kwa saa moja tu, ya UTC, yaani saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Kwetu Waswahili hapa pana mtego. Ukiandika kwenye daftari "saa 3 nimefungua kibanda", mwenzako wa Dar atasoma saa tatu asubuhi, ambayo ni 09:00 ya Afrika Mashariki, yaani 06:00 UTC. Mpoland atasoma 03:00. Na kama ilikuwa saa tatu usiku, basi ni 18:00 UTC. Tarehe ina mtego wake pia: ukiandika "usiku wa Jumatatu", wazee wa pwani wataelewa usiku wa kuamkia Jumatatu, kijana wa mjini ataelewa Jumatatu baada ya magharibi. Siku nzima imepotea hapo. Na huko kwenye ncha, katikati ya majira ya baridi, hakuna alfajiri wala magharibi ya kukuokoa.

Andika hivi: mwaka, mwezi, siku, kisha saa kwa tarakimu nne na herufi UTC. Dhoruba kubwa ya sumaku ya Mei 2024 ilipiga 2024-05-10 17:05 UTC. Dar ilikuwa Ijumaa, saa mbili na dakika tano usiku. Tetemeko la Agosti 12, 2020, lile la karibu ukubwa wa 6 lililotokea baharini kusini-mashariki ya jiji na kuwatoa watu maghorofani mbio, nalo lilikuja saa mbili na ushee usiku, yaani muda mfupi baada ya 17:00 UTC. Aliyeandika "saa 2" peke yake hakusaidia mtu.

Zoezi: weka saa moja ya mkononi iende kwa UTC, na kila umeme unapokatika mtaani kwako na kila unaporudi, andika. Ukifikia mahali ambapo huhesabu tena kwa vidole, umeiva.

Chombo chenyewe huchukua saa kutoka satelaiti za GPS, lakini usikiamini kwa macho yaliyofumba. Wimbi la kwanza la tetemeko hupita kwenye mwamba wa juu kwa takriban kilomita 6 kwa sekunde. Saa ikikosea sekunde moja tu, kitovu cha tetemeko kinahamishwa kilomita kadhaa kwenye ramani ya watu wengine.

2. Kaa mbali na nafsi yako

Adui wa kwanza wa kituo ni kituo chenyewe: jenereta, magari ya theluji, milango inayobamizwa, miguu ya watu. Kule Ncha ya Kusini, seismomita, vyombo vya kupima mitetemo ya ardhi, zimewekwa kilomita 8 kutoka kwenye majengo ya kituo cha Wamarekani cha Amundsen-Scott, ndani ya mashimo ya takriban mita 300 barafuni. Vibanda vya sumaku navyo hujengwa peke yao, kwa mbao na gundi na misumari isiyo ya chuma, na hakuna anayeruhusiwa kuegesha gari karibu. Gari lililosimama mita 20 kutoka kwenye sensa, yaani sehemu ya chombo inayohisi uga, linaonekana kwenye rekodi, na likiondoka pia linaonekana.

Kwa mazoezi ya sumaku katikati ya Dar usijisumbue. Kuna nondo ndani ya kila zege, mabati juu ya kila nyumba, na siku hizi treni ya umeme. Omba kona ya shamba upande wa Kimbiji, Kigamboni, pasipo na uzio wa chuma. Seismomita ni afadhali kidogo: iweke sakafuni chumba cha chini, ifunike kwa boksi la povu isipigwe na upepo wa feni, uiache usiku kucha. Kesho yake utaona mawimbi marefu ya kati ya sekunde 5 na 20 yasiyoisha. Hiyo ni bahari, haina uhusiano na jirani wala daladala. Kando ya Antaktika mnong'ono huo hupungua majira ya baridi, kwa sababu bahari ikiganda juu mawimbi hufifia. Mtu asiyejua hilo atadhani chombo kimeziba masikio.

Palipo na mwamba, jenga juu ya mwamba, kama Hornsund na Mawson. Barafu inatembea. Ile ya Ncha ya Kusini husogea kama mita 10 kwa mwaka, ndiyo maana kila Januari 1 wanahamisha kijiti kinachoonyesha ncha ilipo. Kituo cha Uingereza cha Halley kilikokotwa kilomita 23 kabla ya msimu wa baridi wa 2017 kwa sababu ufa ulikuwa unakua kwenye barafu kinakokalia. Ukilazimika kusimamisha nguzo kwenye barafu, jua tangu siku ya kwanza kwamba itainama, na panga kuipima tena na tena.

3. Vua chuma

Mlangoni mwa kibanda cha sumaku weka rafu na kioo. Kila anayeingia anaacha simu, funguo, saa, mkanda wenye bizimu, kisu, miwani ya fremu ya chuma, sidiria yenye waya, na buti zenye bati mbele. Nguo za baridi zinunuliwe zenye zipu za plastiki tangu mwanzo, maana ukishafika huko hakuna duka. Utani utakuwepo, lakini sheria ibaki palepale hata kwa mkuu wa kituo.

Skrubu na bawaba za kibanda ziwe za shaba au alumini, na hapa ndipo mtaa wa Gerezani wenye maduka ya vifaa unafaa kama chuo. Nenda na sumaku ya spika mbovu mfukoni. Amkia mzee wa duka, omba skrubu za shaba, kisha mbele yake pitisha sumaku kwenye moja moja. Atakuuliza unapima nini wakati zote ni za rangi moja. "Nahakikisha tu, mzee wangu." Baadhi zitaruka na kung'ang'ania sumaku, kwa kuwa ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Hata chuma kisichoshika kutu kina hila. Kikikatwa na kupindwa kiwandani mara nyingine hupata usumaku kidogo. Kipimo cha mwisho ni kukisogeza karibu na magnetomita yenyewe, chombo cha kupima uga wa sumaku, na kutazama namba.

4. Vipimo vya mkono: hapa ndipo kituo kinapokuwa kituo

Magnetomita inayoandika mfululizo inajua mabadiliko. Haijui ilianzia wapi. Ni mizani ya duka isiyo na jiwe: inakuambia mfuko huu umezidi ule, haikuambii ni kilo ngapi. Jiwe ni vipimo kamili vinavyofanywa kwa mkono, na mimi mara moja kwa wiki nakiona ni kiwango cha chini kabisa.

Chombo ni teodolaiti, darubini ya kupimia pembe, isiyo na chuma, yenye sensa ndogo ya sumaku iliyofungwa juu ya darubini. Isimamishe kwenye nguzo yake, sawazisha kiputo, subiri. Kwenye baridi kiputo huenda polepole kuliko ulivyozoea, na ukikihimiza unajidanganya. Lenga alama ya mbali ambayo mwelekeo wake kutoka kaskazini ya kweli umeshapimwa. Soma duara la pembe, pindua darubini juu chini, soma tena.

Sasa laza darubini mlalo, izungushe taratibu mpaka sensa isome sifuri. Maana yake sensa imesimama pembemraba na uga. Fanya hivyo mara nne: sensa ikiwa juu ya darubini upande wa mashariki, juu magharibi, chini mashariki, chini magharibi. Hakuna sensa iliyofungwa sambamba kabisa na darubini yake, ila wastani wa nafasi hizo nne hufuta kasoro hiyo. Umepata deklinesheni, pembe kati ya kaskazini ya kweli na ile ya sumaku. Kisha geuza ili darubini ipande na kushuka katika mstari wa kaskazini-kusini ya sumaku, tafuta sifuri mara nne nyingine, umepata inklinesheni, pembe ya uga kutoka mlalo. Wakati huohuo magnetomita ya protoni inaandika nguvu yote ya uga. Kila usomaji una saa yake hadi sekunde. Mwisho lenga alama tena. Ikiwa imehama, kuna mguu ulioguswa au nguzo iliyoinama, na kazi yote inaanza upya. Usirekebishe namba kwa makadirio.

Fanyeni wawili. Mmoja anasoma, wa pili anarudia namba kwa sauti kabla ya kuiandika. Anayesoma ashushie pumzi pembeni, maana mvuke ukigusa kioo cha darubini unaganda papo hapo. Glavu nyembamba ndani, nene nje, na ile nene inavuliwa kwa sekunde chache tu za kuzungusha skrubu.

Matokeo linganisha na kile magnetomita ya mfululizo iliandika katika sekunde zilezile. Tofauti yao ndiyo mstari wa msingi. Ukiuchora wiki kwa wiki unapaswa kutulia au kuhama polepole. Ukiruka ghafla, fungua daftari: nani aliingia kibandani, nani alisogeza hita?

Kuna ugumu mmoja usioweza kuujua ukiwa Dar. Hapa kwetu uga wote ni pungufu ya nanotesla 35,000 (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya uga), na sehemu kubwa yake imelala. Karibu na ncha ya sumaku ya kusini, ambayo sasa iko baharini nje ya pwani ya Adélie, si mbali na kituo cha Wafaransa cha Dumont d'Urville, uga unazidi 60,000 lakini umesimama karibu wima. Sehemu iliyolala imebaki ndogo mno, kwa hiyo kosa dogo la mkono linazaa kosa kubwa la pembe. Isitoshe, chini ya aurora, mianga ya angani ya karibu na ncha, mstari unaweza kuruka zaidi ya nanotesla 1,000 usiku mmoja, wakati siku tulivu hapa Dar unacheza kwenye makumi tu. Chagua saa tulivu. Karibu na usiku wa manane wa sumaku, yaani unaohesabiwa kwa ncha ya sumaku, mara nyingi ndiyo pabaya zaidi.

5. Betri kwenye friza ya samaki

Vostok, kituo cha Warusi, kiliandika nyuzi −89.2 Julai 21, 1983. Svalbard si kali kiasi hicho, lakini hata −20 inatosha kuiua mipango ya fundi wa Kariakoo. Nenda Feri, kubaliana na mwenye friza kubwa ya samaki akuachie kona. Friza kama hiyo hukaa karibu −18.

Chaji betri ya asidi ya aina iliyofungwa mpaka ijae. Iunganishe na balbu, pima inadumu muda gani. Ichaji tena, iache kwenye friza usiku kucha ndani ya mfuko, rudia kipimo hukohuko kwenye baridi. Utashangaa ilivyopungukiwa, kwenye −20 betri za aina hii hutoa takriban nusu ya uwezo wake. Tena, iliyojaa huvumilia baridi kali, iliyokwisha nguvu huganda mapema na kupasuka. Za lithiamu usizichaji zikiwa chini ya sifuri, zinaharibika ndani kwa ndani. Dawa inayotumika vituoni ni rahisi: betri na vifaa vya umeme vinakaa boksi moja lenye povu nene, joto linalotoka kwenye vifaa linazilinda betri.

Ukimaliza, jaribu kukitoa kifaa kwenye friza na kukifungua hapohapo kwenye joto la Machi. Kitalowa ndani na nje. Kwa hiyo kifaa kilichotoka baridini kinafungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa, kinaachwa mpaka kipate joto la chumba, ndipo kinafunguliwa.

Kebo za plastiki ya kawaida hukakamaa na kupasuka. Tumia za silikoni. Grisi huganda. Dizeli ya kawaida hufanya nta. Na usitegemee waya wa ardhini: barafu haipitishi umeme, hewa ni kavu, umeme tuli unajikusanya mwilini mwako na kuruka kwenye kompyuta. Gusa fremu iliyounganishwa na mfumo mzima kabla ya kugusa kifaa.

6. Kila siku, na hasa siku usiyotaka

Kila asubuhi, fungua rekodi ya saa 24 zilizopita kwenye skrini moja. Usianze na hesabu, anza na macho. Kuna mapengo? Kuna ngazi, yaani mstari uliopanda ghafla na kukaa huko? Ngazi mara nyingi ni sisi. Mawimbi yanayopanda na kushuka kwa dakika na saa mara nyingi ni dunia. Ukishindwa kuamua, tazama vituo vingine. Mtandao wa INTERMAGNET unatoa data za vituo vya nchi nyingi, na hapa Afrika wamo Hermanus ya Afrika Kusini na Addis Ababa. Dhoruba ya Mei 2024 iliandikwa kote. Ngazi uliyoiona peke yako, dakika ileile mpishi alipoburuta mtungi wa gesi, ni ya mpishi.

Data mbovu usiifute. Iwekee alama, andika sababu, hifadhi ghafi kama ilivyo. Miaka 30 baadaye kuna mtu atataka kujua, naye hatakuwa na wa kumpigia simu.

Kutuma: satelaiti za juu ya ikweta hazionekani kutoka Ncha ya Kusini, ziko chini ya upeo wa macho. Mtandao wa satelaiti wa Iridium unapita juu ya ncha zote mbili, ila njia yake ni nyembamba. Tuma muhtasari kila siku, data nzima ibaki kwenye diski mbili zilizo katika majengo mawili tofauti.

7. Kubaki hai

Kwa nini majengo mawili? Moto. Hewa ni kavu, maji yameganda, zimamoto ni ninyi wenyewe. Aprili 1982 jengo la jenereta la Vostok liliungua majira ya baridi yakianza, fundi mmoja akafa, na waliobaki wakasukuma miezi kwa majiko ya kujitengenezea mpaka usafiri ulipofika. Mazoezi ya moto yafanywe kila mwezi, na usiku pia.

Adui asiyeonekana ni hewa ya mkaa. Richard Byrd alikaa peke yake kwenye kibanda barafuni mwaka 1934, moshi wa jiko na injini ukamlevya hadi akakaribia kufa, kwa sababu bomba la kutolea hewa lilikuwa linaziba kwa barafu. Anayewajua watu waliolala na jiko la mkaa chumba kilichofungwa hahitaji kuelezwa zaidi. Bomba linakaguliwa kila zamu na kengele ya gesi inajaribiwa.

Svalbard kuna dubu weupe, na nje ya makazi sheria inakutaka uwe na zana za kuwafukuza. Usiende kibandani peke yako, hata kama ni mita mia mbili na umesahau kalamu tu.

Kuhusu kufika huko: Tanzania haimo kwenye Mkataba wa Antaktika wa 1959, kwa hiyo mlango wako ni chuo au taasisi ya nchi nyingine. Svalbard ni rahisi zaidi. Kuna kituo cha chuo kikuu cha UNIS pale Longyearbyen, na visiwa vyenyewe havidai viza. Lakini utapitia Norway, na ukitoka bara kwenda visiwani umetoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo kurudi nyumbani kutakuwa na kesi.

8. Makabidhiano

Orodha ya vipuri iandikwe miezi mingi kabla, kwa sababu meli au ndege ya mzigo inaweza kuja mara moja tu kwa mwaka. Timu mpya ikifika, msiwape funguo na kukimbilia mizigo yenu. Fanyeni vipimo vya mkono pamoja, nguzo ileile: wa zamani seti moja, mpya seti moja, kwa kupokezana, mpaka matokeo yenu yakaribiane bila kusaidiana. Kila mkono una tabia yake ya kusoma, na tofauti hiyo isipopimwa sasa, itakuja kuonekana kwenye mstari wa msingi kama kitu kilichofanywa na dunia.